Kurasa Mia Nne Kumi na Nane za Nyar Gem

Kwa miaka ishirini kibanda changu na cha Jacinta Achola vimetazamana katika safu ya mafundi cherehani, soko la Kibuye. Mimi nauza vifungo, zipu, nyuzi na bitana. Yeye hushona. Kila rinda lake hupitia kwangu kwanza, kwa sababu hakati kitambaa kabla hajakiona kifungo kitakachokaa juu yake. Mafundi wengine hukata, hushona, halafu huja mbio kutafuta kifungo kinachofanana. Yeye hapana. Kifungo kwanza, mkasi baadaye.

Ilinichukua miaka minne kujua kwamba anaitwa Jacinta. Sokoni kote anaitwa Nyar Gem, yaani binti wa Gem, kwa kuwa huko ndiko alikozaliwa. Mimi nilikuja hapa kijana kutoka Nyeri, na desturi hiyo ilinitatiza. Kwetu mwanamke huitwa mama wa mtoto wake. Hapa mwanamke aliyeolewa hubeba jina la kwao hadi anapozikwa. Aliyetoka Uyoma ni Nyar Uyoma, aliyetoka Seme ni Nyar Seme, hata wakiwa sita katika mtaa mmoja. Na hakuna anayechanganyikiwa. Mtu akiita "Nyar Seme!" hugeuka yule yule aliyetakiwa, wengine wanaendelea na shughuli zao.

Nina tabia ya kuandika. Jioni kabla ya kufunga huandika katika daftari kama mvua imenyesha, nani amepita, na nini kimetokea safuni. Haya ninayosimulia nimeyatoa humo. Pale ambapo sikuwepo, nimemwuliza mwenyewe.

Aprili ya mwaka 2012 paa la kibanda chake lilivuja usiku kucha juu ya sanduku alimoweka daftari la wateja. Lilikuwa daftari la miaka tisa: vipimo, michoro, vipande vya vitambaa vilivyobandikwa kwa gundi, na maneno machache kuhusu kila mwanamke na sababu ya rinda lake. Alizianika karatasi kwenye kamba kama nguo. Zilikauka, lakini wino ulikuwa umekwenda na maji. Siku mbili aliendelea kushona. Siku ya tatu akavuka njia akaja kwangu.

"Baba Muriuki, unajua saiba yenye watu wenye subira?"

"Subira ya nini?"

"Ya kumfundisha mama wa miaka arobaini na minne."

Nilimwelekeza kwa Dalmas, aliyekuwa na saiba, chumba cha kukodisha kompyuta zenye intaneti, karibu na kituo cha mabasi. Huko, kwa vidole viwili, Jacinta alifungua tovuti yake, kwenye huduma ya bure ya kampuni fulani ya ng'ambo. Ukurasa wa kwanza aliuandika tarehe sita Mei. Alisoma hadi darasa la saba tu, kisha akafunzwa ushonaji na shangazi yake huko Maseno, lakini ukisoma kurasa zake huwezi kudhani hivyo. Kila ukurasa una picha mbili, mbele na nyuma ya rinda, halafu maelezo: kitambaa kilitoka wapi, kilikatwaje, kilishonewa siku gani ya maisha ya mwenyewe. Vipimo hakuviweka hadharani.

"Kiuno cha mtu si tangazo," alisema.

Kichwa cha kila ukurasa kilikuwa jina analomwita mteja. Nyar Alego. Nyar Sakwa. Nyar Imbo. Tarehe aliyoweka ilikuwa siku mwanamke alipokuja kuchukua rinda lake. Naomba msomaji ayakumbuke mambo hayo mawili, kichwa na tarehe, kwa maana ndiyo yaliyotuletea taabu.

Kufikia mwaka 2023 walimu wa ushonaji walikuwa wanawaelekeza wanafunzi wao kwenye kurasa hizo. Mwanamke mmoja aliye Qatar alimwandikia kwamba ameliona rinda la dada yake akalia kazini. Jacinta alinisomea ujumbe huo mara moja tu, akarudi kwenye cherehani, lakini siku ile alishona akiimba.

Kisha, Jumatatu tarehe nane Mei, ikaja baruapepe. Ile kampuni ilikuwa inafunga huduma yake. Ifikapo tarehe thelathini Juni, kurasa na picha zote zingefutwa. Anayetaka vitu vyake avihamishe.

Oluoch, fundi wa suti aliye upande wa kushoto wake, ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoa ushauri. Huyo hutoa ushauri hata usipoombwa.

"Nyar Gem, wachana na hiyo maneno. Weka picha Facebook, zikae na za watu wengine."

"Oluoch, pale ni stendi. Watu wamesimama, macho yao yako kwa gari. Mimi nataka mtu abishe hodi, akae, anisome."

"Akusome! Yawa! Tangu lini rinda likasomwa?"

"Tangu wewe ushindwe kusoma vipimo ukamshonea mjomba wangu suruali ya mtoto."

Safu nzima ilicheka, na Oluoch mwenyewe akacheka.

Jacinta alimwendea Janice Nekoye, mteja wake anayefanya kazi kwenye maabara ya kompyuta huko Maseno. Nekoye alikuja Jumamosi na laptopu, akaiweka juu ya meza ya kukatia. Alitaka kumhamishia kurasa zote kwenye mfumo wa kampuni nyingine siku hiyo hiyo, kama zawadi.

"Hapana, nyathina, mwanangu," Jacinta alisema. "Nifundishe. Na hawa wapya nao wakifunga siku moja, nitakutafuta wapi?"

"Mama, kujifunza kutachukua wiki kadhaa."

"Mimi nimechukua miaka kumi na moja kuandika."

Basi Nekoye akamfundisha. Alimweleza kwamba kwenye tovuti ya zamani maneno, picha na mapambo vilikuwa vimeshikana pamoja. Mfumo mpya huweka maneno mahali pake, picha mahali pake, na sura ya ukurasa mahali pake, kwa hiyo unaweza kubadilisha kimoja bila kuharibu kingine.

Jacinta alifikiri. "Kwa hivyo naweza kutoa bitana nikaweka nyingine, na rinda lisijue."

Nekoye aliegemea nyuma akacheka. "Nimefundisha jambo hili miaka kumi. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kunielewa haraka hivyo."

Mambo hayakwenda sawa kila siku. Neno la siri Jacinta aliliandika kwa chaki upande wa ndani wa kifuniko cha cherehani ili asilisahau, na kila aliyekuja kupimwa alilisoma. Nekoye alipoliona karibu azirai. Likafutwa, likatungwa jingine, na hilo sijui aliliweka wapi. Lakini wiki baada ya wiki niliona kidole chake kikizoea. Alichagua rangi ya tovuti mpya kama anavyochagua uzi, akiisogeza karibu na mwanga, akiikataa, akirudi kwa ile ya kwanza.

Jumanne tarehe ishirini Juni, saa nne asubuhi, alipakua faili lenye kurasa zote za zamani na kulipakia kwenye mfumo mpya. Mstari wa kuonyesha kazi imefikia wapi ulitambaa kwenye kioo cha laptopu aliyoachiwa na Nekoye kwa dakika arobaini. Mwishowe ukaandika kwamba kazi imekamilika. Alinunulia safu nzima soda. Oluoch alikunywa mbili, akisema moja ni ya ushauri wake.

Alhamisi simu yake ililia akiwa anapinda ukosi. Aliiweka kwenye spika ili asiache kazi, nami nilikuwa hapo nimemletea zipu.

"Hujambo mama? Ni Anyango, muuguzi wa Nakuru. Yule binti ya Nyar Uyoma wa samaki."

"Anyango! Sijambo, nyathina. Harusi ni lini?"

"Agosti. Ndiyo sababu napiga. Nataka unishonee kama lile buluu la marehemu mama, lenye mfuko wa ndani. Nimefungua tovuti yako mpya, ni nzuri sana. Lakini mama hayumo."

Mguu wa Jacinta ulisimama kwenye kanyagio.

"Hayumo vipi?"

"Nikibonyeza Nyar Uyoma napata mama mwingine, naye amevaa buluu. Nimetafuta tangu jana." Sauti yake ilipungua. "Simu yenye picha zangu iliibwa. Hiyo ya kwako ndiyo picha pekee mama amesimama anacheka."

Jacinta alimwambia atampigia. Kisha akanitazama.

"Baba Muriuki, tulikuwa na kurasa ngapi?"

Nilikwenda nikaleta daftari. Siku ya baruapepe aliniambia idadi, nami nikaiandika, kwa vile naandika kila kitu. Mia nne kumi na nane.

Akazihesabu zilizo kwenye mfumo mpya. Mia tatu thelathini na saba. Akahesabu tena, nami nikahesabu pamoja naye. Themanini na moja hazikuwepo. Alivua miwani, akaanza kutaja walioachwa. Alipofika wa tano tukaelewa sote: walikuwa kina mama wa vikundi, vya kanisa na vya kusaidiana. Vikundi hivyo hushonesha sare, na kina mama huja kuchukua marinda siku moja. Na kwa kuwa ndugu na majirani huoa kutoka sehemu zile zile, siku moja huweza kuja kina Nyar Seme saba.

Nekoye alithibitisha kwa simu. Mfumo ulipokuta kichwa kile kile na tarehe ile ile, ulidhani ni nakala ya ukurasa ulioingia tayari, ukauruka. Ulidhani unasaidia. Kurasa zenyewe bado zilikuwa kwenye tovuti ya zamani, na picha zake pia, lakini zilibaki siku nane tu.

"Badilisha vichwa kule kwa zamani, mama, halafu pakia upya," Nekoye alisema. "Ongeza namba tu. Nyar Seme moja, Nyar Seme mbili, Nyar Seme tatu. Kwa saa mbili umemaliza."

Ijumaa asubuhi Jacinta alianza na kina Nyar Seme. Alikuwa amefika wa nne alipoingia mmoja wao mwenyewe, mama mnene mwenye sauti ya kufika hadi barabarani, kuchukua gomesi, rinda lake refu la sherehe. Jacinta, kwa furaha, akamwonyesha picha yake. Mama akainama kwenye kioo.

"Nyar Seme tatu," akasoma. Akasimama wima. "Wa tatu? Nani amekuambia mimi ni wa tatu?"

"Ni namba tu, mama, ya kompyuta."

"Kompyuta imeolewa wapi? Mimi ni mikayi! Mke wa kwanza! Nilimkuta mzee ana kitanda kimoja na sufuria mbili! Leo nikawekwe wa tatu, dunia nzima isome?"

"Mos, mama, pole pole," Oluoch akasema kutoka kwake. "Wa tatu pia hula."

"Wewe nyamaza na suruali zako fupi!"

Jacinta hakucheka. Alikaa ametazama kile kioo, kisha akauliza kwa upole, "Mama, jina lako ni nani? La kuzaliwa."

Yule mama alishangaa. Hasira ikamtoka. "Langu? Consolata. Consolata Awino." Akalisema pole pole, kama mtu anayejaribu kiatu cha zamani. "Mume wangu mwenyewe sijui kama analikumbuka."

Jacinta akafuta ile tatu. Akaandika: *Consolata Awino, Nyar Seme*. Hapo akaamua. Hakuna mwanamke atakayewekwa namba. Kila mmoja ataingia kwa jina lake na la kwao. Ukiongeza na wale kumi na tisa wenye vichwa vile vile, waliopita kwa bahati ya kutangulia, walikuwa kina mama mia moja kamili. Majina aliyoyajua hayakufika ishirini. Alikuwa ameshika mabega ya watu miaka yote hiyo bila kuhitaji kujua.

Jumamosi nzima alipiga simu. Cherehani ilinyamaza, jambo ambalo sijawahi kuliona mchana. Jumapili ndiyo siku kubwa ya Kibuye, watu hutoka kila upande, na Jacinta, ambaye Jumapili hawezi kukosa kanisa, alikwenda ibada ya kwanza na kufikia saa tatu alikuwa kwenye njia ya kuingilia sokoni na simu yenye picha zao mkononi. Aliwasimamisha kina mama wenye mafurushi.

"Huyu ni nani? Huyu wa kando ya mwenye kilemba."

"Si ni Nyar Asembo!"

"Najua ni Nyar Asembo. Anaitwa nani?"

"Anaitwa... ngoja. Weee, njoo! Shemeji yako wa Nyamasaria anaitwa nani?"

"Nyar Asembo."

"Jina, jina!"

Wakacheka hadi mmoja akaketi juu ya gunia lake. Kisha akapigiwa simu huyo Nyar Asembo, na sauti ikajibu kutoka shambani: Turfosa Atieno, kwa nini mnauliza, nani amekufa? Hajafa mtu, wakamwambia, unaandikwa. Baada ya hapo kazi ilijiendesha. Kina mama walikuja wenyewe kusema majina yao, na wengine waliyasema mara mbili ili wasikosewe. Mmoja alitoa kitambulisho. Mimi nilikuwa nimekaa kando na daftari, nikiyaandika kama yanavyotajwa, na Jacinta akiyaingiza. Jumapili peke yake tulipata hamsini na mawili.

Jumanne jioni yalibaki mawili. Jumatano asubuhi likabaki moja. Wote waliomfahamu Nyar Uyoma wa samaki walimjua kwa jina hilo tu. Mumewe alitangulia kufariki, na hata kwenye kitabu cha kikundi chake cha kanisa alikuwa Nyar Uyoma. Jacinta hakuwa amempigia Anyango tangu Alhamisi. Aliniambia alikuwa na aibu. Angempigiaje mtoto aliyepoteza picha ya mama yake amwambie kwamba fundi hajui hata mama aliitwa nani?

"Nyar Gem," nilimwambia, "aibu hiyo inaisha Ijumaa pamoja na picha."

Akapiga.

"Anyango, nisamehe. Mama yako alifunikwa na mwenzake wa Uyoma, lakini bado yupo. Nataka kumtoa. Niambie, kabla hajaitwa Nyar Uyoma aliitwa nani?"

 

"Dorsila," Anyango akasema. "Dorsila Aloo. Bibi yangu alikuwa akimwita Aloo peke yake. Hakuna aliyeniuliza jina hilo tangu tumzike."

Jacinta aliliandika mbele yangu, herufi kwa herufi. *Dorsila Aloo, Nyar Uyoma.* Akapakua faili upya, akasafisha mfumo mpya, akalipakia. Safari hii hakuna aliyenunua soda. Mstari ulitambaa. Oluoch aliacha pasi ikachoma kitambaa cha kupigia akabaki amesimama nyuma yetu. Kazi ilipokamilika, Jacinta hakutazama ujumbe. Alianza kuhesabu, nami nikahesabu na daftari. Tulimaliza pamoja.

Mia nne kumi na nane.

"Rudia," akasema. Tukarudia. Ikawa ile ile. Alifungua kurasa mia zile moja baada ya nyingine, akihakikisha picha ya mbele na ya nyuma. Ilipofika ya mwisho jua lilikuwa limeshuka upande wa ziwa, na ndipo alipovaa miwani yake vizuri, akasema, "Nimezihamisha mimi."

Ijumaa tarehe thelathini ilipita. Jumamosi asubuhi alijaribu anwani ya zamani, ikamwambia hakuna kitu hapo. Akafunga simu akaendelea kupiga pasi.

Kabla ya saa sita Anyango alifika kutoka Nakuru, mrefu, na sare yake ya kazi ndani ya mfuko. Jacinta alimkalisha kwenye stuli ya wateja akampa laptopu aliyoazimwa na Nekoye. Tukamwacha asome. Ukurasa ule naujua. Mama amesimama kwa rinda la buluu la kanisa, mkono kiunoni, anacheka mpaka pengo linaonekana. Chini yake imeandikwa kwamba Nyar Uyoma aliomba mfuko wa ndani wa kutosha Agano Jipya, usioonekana, kwa sababu mikono yake inanuka samaki na hataki kulishika Neno sokoni kabla hajanawa, lakini pia hataki kuwa mbali nalo.

Anyango alisoma, akarudia. Alipitisha kidole juu ya lile jina la kwanza.

"Umemwandika kamili," akasema.

"Nilichelewa," Jacinta akajibu. "Simama nikupime."

"Nimekuja na kitambaa, mama. Unaweza kukata leo?"

"Kitambaa baadaye. Nenda kwanza kwa Baba Muriuki uchague kifungo."

Akavuka njia akaja kwangu. Nilimtolea trei nne. Alichukua muda wake, akiviweka vifungo kwenye kiganja, kimoja baada ya kingine, na mwisho akachagua vya lulu, vidogo, vyenye ukingo wa buluu. Jioni hiyo niliandika: Jumamosi, tarehe moja Julai. Hakuna mvua. Vifungo vya lulu, kumi na viwili, vya Anyango binti Dorsila Aloo. Kurasa za Nyar Gem ni 418, ya 419 ameanza kuikata.